Mbwa wa Udongo na Posa ya Anyesi

Chungu hakishikwi shingo. Hata kama fundi wake alikitengenezea shingo ndefu nzuri inayokuita, usikishike hapo. Wala mdomo, wala mkono. Kinashikwa chini kwa kiganja kimoja, kiganja cha pili kikiegemea ubavuni, kama unavyompokea mtoto mchanga kutoka kwa mama ambaye bado hajakuamini. Nawaambia haya ninyi vijana wa maghala ya Louisville, mnaorusha maboksi huku mmeziba masikio kwa muziki, kwa sababu mnanicheka mkiniona nimebeba sufuria ya wali kanisani kwa namna hiyo. Chekeni tu. Wali wangu haujawahi kumwagika.

Mimi nilikuwa mfungashaji. Nilianza na viatu na simu kama ninyi, lakini miaka yangu mingi nilifungasha vitu vya makumbusho: picha, sanamu, vyungu, mikufu ya watu waliokufa kabla babu wa babu yangu hajazaliwa. Tulivifunga, tukavipakia kwenye lori, tukavipeleka mji mwingine, tukavifungua. Kazi hiyo niliipata kwa bahati ya viatu. Kampuni ilikuwa ndogo, na ilimwomba yule mama aliyetushughulikia sisi wakimbizi aitafutie mtu mtaratibu. Akanipeleka mimi kwa sababu aliona natembea polepole sana. Nilikuwa natembea polepole kwa sababu viatu nilivyopewa siku tuliyofika kutoka kambini Kigoma vilikuwa vikubwa, na nikiongeza mwendo vinabaki nyuma.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Dale, mzungu wa hapahapa Kentucky, mnene, mwenye ndevu, aliyekuwa amebeba piano ujana wake wote na mgongo haujamsamehe. Siku ya kwanza alinipa kikombe chake cha kahawa, kimejaa hadi ukingoni, hakina kifuniko, akaniambia nikipeleke kutoka ofisini hadi ndani ya lori. Nikapita katikati ya watu, nikapanda ule ubao wa kupandishia mizigo, nikafika bila tone kudondoka. Dale akainywa, akakunja uso.

"Imepoa," alisema. "Umeajiriwa."

Siku hiyohiyo niliona gunia la punje nyeupe nyepesi, zile za kujazia maboksi. Nikadhani ni bisi za wafanyakazi. Nikajichotea. Nilikuwa natafuna ya tatu au ya nne nilipogundua kwamba ghala zima limenyamaza linanitazama. Dale akaja, akachukua moja, akaitafuna taratibu huku ameangalia dari. "Haina chumvi," akasema, akarudi kazini kwake. Nilijua tangu hapo kwamba mtu huyu nitafanya naye kazi vizuri.

Shida yangu kubwa haikuwa mikono, ilikuwa mdomo. Sisi tumelelewa kusalimia. Ukikutana na mtu humpiti kama nguzo ya umeme. Basi mara moja, katika makumbusho ya mji fulani, nilikuwa nimebeba kichwa cha mfalme cha udongo, nikakutana na bibi mwenye dhamana ya vitu vyote vile. Nikamsalimia. Nikamuuliza habari za nyumbani, za watoto, za kazi. Yeye alikuwa anajibu neno mojamoja, macho yametoka, rangi imemtoka. Nikamuuliza kama anaumwa.

"Boni," Dale akaniita kwa upole, "mweke kwanza mfalme chini. Halafu mkamilishe."

Sheria yake ilikuwa hiyo. Mwenye mzigo hasalimii, haombi radhi, hafungui mlango, hapokei simu. Anakwenda na mzigo wake mahali alipokwisha kupaona kwa macho kabla hajaunyanyua. Mtu wa pili anatembea mbele yake akitaja vilivyoko njiani: mlango, ngazi, mtu. Na ukifika, ukaweka chini, usiondoe mikono mara moja. Subiri kitu kikubali kukaa. Hilo la kusubiri ndilo ninyi vijana linawashinda. Kitu kikigusa meza tu, mikono yenu imekwisha kurudi kwenye simu.

Basi, ilikuwa mwaka wa elfu mbili na kumi na tano, kama sikosei, au mwaka mmoja huku au kule, yalipotujia maonyesho ambayo karibu yanivunjie nyumba. Vilikuwa vitu vya udongo na mawe, na dhahabu kidogo, vya watu wa Meksiko na Peru na nchi zilizo katikati, vyote vimetengenezwa kabla Kolombo hajatia mguu upande huu wa bahari. Vingekaa kwanza kwetu Louisville, kisha Columbus, mji uliopewa jina la Kolombo huyohuyo, kisha Buffalo. Dale alicheka mpaka akashika mgongo. "Watu hawa waliishi zama zote hizo bila Kolombo," alisema, "na sasa sisi tunawapeleka Columbus kwa lori."

Kati ya vitu vile nilikipenda kimoja. Alikuwa mbwa wa udongo mwekundu, mnene kama mto wa kulalia, miguu mifupi, masikio wima, na uso wa mtu aliyeambiwa chakula kiko tayari. Nilimkatia sponji kwa umbo lake mwenyewe, tumbo kwa tumbo, sikio kwa sikio. Zamani walikuwa wakigongelea makreti, yale masanduku ya mbao, kwa misumari, na Dale alikuwa anachukia misumari kwa sababu kila pigo la nyundo kitu kilichomo ndani kinalipokea. Sisi tulitumia skrubu, tena tulizikaza kwa mkono. Nilipomfunika mbwa yule nilihisi nimemtandikia kitanda.

Sasa, wakati huohuo, binti yangu Anyesi alikuwa amepata mchumba. Kijana anaitwa Elia, Mkongo, kwao Bukavu, anafanya kazi kiwandani Tonawanda, pale juu ya Buffalo. Walikutana kwenye kongamano la kwaya. Kijana mpole, anayeosha vyombo bila kuambiwa. Mama yake alifariki njiani walipokuwa wakikimbia vita, naye akalelewa na dada mkubwa wa mama yake, Mama Furaha, aliyekuwa akiishi Whitehall, Columbus, akihudumia wazee wa Kizungu majumbani mwao. Mama Furaha ndiye aliyekuja kwetu kuleta posa, pamoja na kaka yake, Mzee Sadoki. Kwa desturi Mzee Sadoki ndiye alikuwa msemaji. Kwa vitendo kazi yake ilikuwa kumtazama dada yake, kisha kutikisa kichwa upande ule dada anaoutikisia wa kwake.

Mke wangu, Mama Anyesi, alipika ugali, sombe ya majani ya muhogo, samaki, na vitu vingine ambavyo mimi sivioni isipokuwa wageni wamekuja. Mambo yakaenda vizuri. Tukacheka. Ndipo Mama Furaha akaniuliza, kwa heshima tu, huku anakata tonge:

"Baba Anyesi, wewe unafanyaka kazi gani?"

Mtu mwenye akili angejibu: nabeba mizigo. Lakini mimi nilikuwa nimeshiba, na nilikuwa na fahari yangu. Nikaanza kueleza. Nikaeleza vyungu, nikaeleza mbwa, nikaeleza umri wa vitu hivyo. Nikamaliza kwa kusema, "Na vingi kati ya hivyo, mama, vilitoka makaburini!"

Tonge la Mama Furaha likasimama katikati ya sahani na mdomo.

"Unasema mu makaburi?"

"Ndiyo. Lakini vimesafishwa."

Neno hilo halikunisaidia.

"Donc, kumbe unashikaka vitu ya wafu, kisha unaingia mu nyumba, unashika na ugali?"

"Nanawa mikono, mama."

Alilitazama lile tonge kama linataka kusema kitu. Akaliweka chini. "Bon," alisema. Ninyi mliokua na Wakongo mnazijua hizo "bon". Ziko nyingi. Hii ilikuwa ile ambayo baada yake watu wanatafuta makoti.

Baada ya siku chache akampigia mke wangu simu. Msichana wamempenda, alisema, tena sana. Lakini yeye yuko katika kikundi cha maombi, na hawezi kumwingiza mtoto wa marehemu mdogo wake katika nyumba ambayo baba anacheza na mapepo kwa mshahara. Mke wangu, aliyekuwa ameishi na mshahara huo kwa raha kabisa, akaanza naye kuuogopa. Akaniamuru nivue nguo za kazi kwenye veranda kabla ya kuingia ndani. Ilikuwa baridi. Jirani yetu, mzee wa Kimarekani, aliniona nimesimama pale na nguo ya ndani na soksi, akaninyanyulia kikombe chake cha kahawa kwa heshima, nami nikampungia mkono. Tulifanya hivyo wiki nzima.

Anyesi ndiye aliyeniuma. Hakulia mbele yangu. Aliniambia kwa Kiingereza, maana hasira yake hukaa katika lugha hiyo, kwamba kila msichana duniani ana baba anayejua kunyamaza isipokuwa yeye. Akafunga mlango wa chumba. Nikabaki nimesimama ukumbini, kwa sababu alikuwa amesema kweli.

Tulipovihamishia vitu Columbus na kuvipanga kule, Dale aliona sina raha. Nikamweleza yote. Akafikiri muda mrefu.

"Mlete huyo mama avione," alisema. "Halafu mpe keki. Pale mkahawani chini wana keki ya karoti."

"Dale, anasema nina mapepo."

"Ndiyo maana nasema keki."

Nilimpigia Mama Furaha mwenyewe. Nikamwomba aje aone kwa macho yake, na akitoka akiwa bado na wasiwasi, mimi nitaacha kazi hiyo. Nilisema hivyo kabla sijafikiri, na mke wangu aliyekuwa pembeni akashika mdomo. Tulikuwa na kodi, tulikuwa na gari la mkopo. Lakini neno lilikuwa limekwisha kutoka. Upande wa pili wa simu Mama Furaha akajibu:

"Nitakuja. Lakini nitakuja na mafuta."

Tulikutana Jumapili baada ya ibada. Mimi, mke wangu na Anyesi tuliendesha kutoka Louisville, Anyesi kiti cha nyuma, amevaa miwani ya jua ingawa mvua inanyesha. Na ilikuwa mara yangu ya kwanza kuingia makumbusho kwa mlango wa mbele. Mimi najua milango ya nyuma, ya malori. Hapa nilikata tiketi, nikabandikwa kikaratasi kifuani kama chungwa la dukani, nikaambiwa karibu. Nilijisikia mgeni katika kitu nilichokipanga kwa mikono yangu.

Mama Furaha alikuja amevaa kitenge cheupe, kilemba kimesimama, na begi la begani ambalo lingeweza kumeza mbuzi. Mzee Sadoki nyuma yake, tayari anatafuta pa kukaa. Mlangoni palikuwa na mlinzi, mama mmoja Mmarekani mweusi aliyenifahamu tangu siku za kupanga. Akaeleza, na Anyesi akatafsiri: begi livaliwe mbele, na vimiminika haviruhusiwi ndani.

"Mafuta ya upako ni vimiminika?" Mama Furaha akauliza.

Anyesi akatafsiri. Mlinzi akafikiri kwa haki kabisa, akasema ndiyo.

Basi chupa ya mafuta ikafungiwa kwenye kabati dogo la wageni. Mama Furaha aliuvuta mlango wa kabati kuhakikisha, akatia ufunguo kifuani, akageuza begi likakaa tumboni kama mimba. "Naingia mikono tupu," alitangaza. "Sawa Danieli mu shimo ya simba."

Alitembea ukumbi wa kwanza macho nusu yamefumba, midomo inacheza maombi. Mimi nilijaribu kuwa mwenyeji. Hapa mchezaji wa mpira, nikasema, mnaona mkanda kiunoni. Hapa mama na mtoto mgongoni. Mke wangu akasogea kumtazama yule mama wa udongo, akasema taratibu, "Amembeba vibaya, atamwangusha," akasahau kuogopa. Lakini Mama Furaha hakuwa anatazama. Alikuwa anapita kama mtu anayevuka barabara.

Katika ukumbi wa pili kulikuwa na chombo cha Peru, chupa mbili zilizounganishwa, na juu ya moja ameketi ndege. Ukitia maji ukakiinamisha, pumzi inasukumwa na ndege anapiga mluzi. Kwa kuwa hairuhusiwi kukigusa, walikuwa wamerekodi sauti yake na kuweka kitufe ukutani, juu kidogo ya benchi. Na benchi, bila shaka, Mzee Sadoki alikuwa ameliona kabla ya chombo. Akaketi. Akapumua. Akaegemeza kichwa ukutani, sawasawa na kitufe.

"Uuuuuuuuuu," ukasema ukumbi.

"KWA JINA LA YESU!" akapiga kelele Mama Furaha, mkono juu.

Kila mtu aliganda. Mzungu mmoja mzee akavua kofia. Mke wangu alikuwa amenishika shati kwa mikono miwili. Sauti ikakoma yenyewe, kwa sababu rekodi ilikuwa fupi, na kwa kitambo Mama Furaha alisimama pale akiwa mshindi. Kisha Mzee Sadoki, aliyekuwa hajui kilichotokea, akaegemea tena.

"Uuuuuuuuuu."

Anyesi alipiga magoti. Nilidhani ameanguka, kumbe ni kicheko. Miwani ilikuwa imemtoka, machozi yanamtiririka. Mlinzi akaja mbio, nikajua tunatolewa nje na posa imekwisha. Lakini alimshika Mama Furaha bega kwa wema. "Mwambie asijali," alimwambia Anyesi. "Kila siku kuna mmoja. Juzi alikuwa mkurugenzi wetu."

Nikawaeleza maji na pumzi. Mzee Sadoki akageuka, akakitafuta kitufe, akakibonyeza kwa kidole, akasikiliza hadi mwisho. Akabonyeza tena. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akifanya jambo bila kumtazama dada yake.

Nadhani aibu ndiyo iliyomfungua Mama Furaha macho. Baada ya hapo alianza kutazama, kwa ukali, kama mkaguzi. Akafika kwa yule mbwa mnene. Akasimama.

"Hii imbwa inacheka?"

"Mimi naona anangoja chakula," nikasema.

"Soma," alimwambia Anyesi.

Anyesi akasoma kibao, akitafsiri polepole. Kwamba mbwa kama hawa waliwekwa pamoja na wafu. Kwamba wataalamu wanadhani kazi yao ilikuwa kumsindikiza marehemu, asitembee peke yake katika safari ile. Mama Furaha alisogea karibu na kioo mpaka pumzi yake ikaweka ukungu.

"Nani alichimba, akaitosha mu kaburi?"

"Sijui, mama. Wachimbaji, zamani. Wengine wezi. Kwa huyu wameandika hapo kwamba haijulikani."

"Haikuwa wewe."

"Si mimi. Mimi nilimkuta yuko njiani tayari."

"Na unamubebaka namna gani?"

"Taratibu."

"Watu wote wanasemaka taratibu." Akavua lile begi tumboni, akalisimamisha juu ya benchi. "Beba hii. Sawa vile ulibeba imbwa. Peleka kwa ile benchi ingine, kule."

Vijana, nimebeba vitu vya makumbusho makubwa, na sijawahi kuogopa kama siku ile. Nilivua saa. Nilivua pete, nikampa mke wangu. Nikaenda kwanza mikono mitupu hadi benchi la pili, nikapaona, nikarudi. Watu wakaanza kusogea kutazama. Nikatia kiganja chini ya begi, kiganja kingine ubavuni, nikanyanyua, na nusura nipige yowe. Sanamu za mawe ni nyepesi. Sijui mama yule alikuwa amebeba nini. Baadaye niliambiwa Biblia mbili, kitabu cha nyimbo, malapa, karanga na chupa ya chai. Nikaanza kutembea. Sikuwa na mtu wa mbele. Nilikuwa naona begi tu.

"Baba, kioo!" nikasikia.

Kwa Kiswahili. Nikasimama. Anyesi alikuwa ameinuka, akapita mbele yangu, akaanza kutembea kinyumenyume kama nilivyokuwa nikimsimulia mezani miaka yote, wakati ambao niliapa hasikilizi. "Mtu," alisema. "Njoo. Mtu mwingine. Mguu wa mjomba. Mjomba, toa mguu. Benchi. Hapo." Nikashusha. Sikuondoa mikono. Nilisubiri begi likubali. Ndipo nikaachia.

Watu wakapiga makofi. Walidhani ni sehemu ya maonyesho.

Mama Furaha akalifungua begi, akachungulia, akaingiza mkono hadi chini. "Hata chai haikumwangika," alisema.

Mlinzi akageuka. Neno hilo hata Wamarekani wanalijua. "Chai?"

Tukatoka upesi kwenda kula keki. Na pale mkahawani, ameshamaliza kipande cha kwanza na kuagiza cha pili, Mama Furaha aliweka uma chini, akafuta mdomo. "Bon," alisema, na hiyo ilikuwa "bon" nyingine kabisa. Akamtazama kaka yake. Mzee Sadoki akakohoa, akasema sentensi ndefu kuliko zote nilizopata kumsikia nazo: "Turudilie maneno ya watoto, tulikuwa tumefikia wapi?"

Anyesi alikuwa ameketi kando yangu. Chini ya meza alinikanyaga mguu, si kwa nguvu.

Tulivipeleka vitu vile Buffalo wakati wa theluji. Mama Furaha alikuwa akinipigia njia nzima.

"Imbwa imefika?"

"Bado tuko Erie, mama."

"Kuna baridi?"

"Sana."

"Ifunike."

Kumbukeni hili mkija kufanya kazi kama yangu: kreti likitoka kwenye baridi haliguswi. Linawekwa ndani limefungwa, linapumzika, mpaka ndani yake na nje yake ziwe na joto moja. Ukifungua mapema udongo unatoka jasho, unaweza kupasuka. Watu wa Buffalo walikuwa na hamu, wanalizungukazunguka kreti na bisibisi. Dale aliketi juu yake, akafungua sandwichi, akakaa hapo mpaka hamu ikawaishia.

Harusi ilifungwa Buffalo theluji ilipokwisha. Ilipangwa tupigwe picha kwenye bustani, lakini ilinyesha mvua ya kukata na shoka, na mpiga picha akasema makumbusho, yaleyale tuliyopelekea vitu vyetu, wanaruhusu ukumbi wa mbele. Basi tukaingia kundi zima, vitenge vya kila rangi, vigelegele, Elia na suti yake, Anyesi na gauni lake, na Dale katikati yetu amevaa shati la kitenge ambalo vifungo vyake vilikuwa vinaomba msaada. Kila mtu alipangwa mahali pake. Mpiga picha akauliza, mama wa bwana harusi yuko wapi?

Hayupo.

Yaliyofuata Mama Furaha alinikataza kuyasema. Kisha yeye mwenyewe akaja kuyasimulia kwa kipaza sauti alipobarikiwa mtoto wa kwanza wa Anyesi, kwa hiyo niko huru.

Nilijua pa kumtafuta. Nikapita kumbi mbili za vyombo vya kale, nikamkuta amesimama peke yake, kilemba cha dhahabu, kiganja kimoja kimekaa juu ya kioo. Nilitaka kumwita. Lakini alikuwa anaongea, na hakuwa anaomba. Ilikuwa sauti ya mtu anayempa mwenzake maagizo ya safari.

"Mudogo wangu anaitwa Nabintu," alikuwa anamwambia yule mbwa. "Ni murefu, anatembeaka mbio, hangojake mutu. Wewe fata tu. Umuambie mtoto ameoa leo. Umuambie bibi harusi ni muzuri, na baba yake anasemaka sana lakini ni mutu."

Akanisikia. Hakugeuka.

"Tulimuzika kando ya njia, Baba Anyesi. Hatukukuwa na kitu. Nilimufunika na kitenge yangu, tukakimbia. Hakuna hata mutu mumoja alibakia naye." Akakikandamiza kiganja kwenye kioo. "Njo hivyo."

Sikuwa na la kusema, na kwa mara moja maishani mwangu sikulisema. Nilisimama tu kando yake. Baada ya muda alijipangusa macho kwa ncha ya kitenge, akanyoosha kilemba.

"Usiambie pasta."

"Sitamwambia."

"Twende. Wanatungojea."

Akatangulia. Kwenye kioo ilibaki alama ya kiganja chake, vidole vyote vitano, wazi kabisa. Mlinzi wa ukumbi, kijana mwenye kitambaa na chupa ya dawa, alikuwa anakuja kuifuta, kama kazi yake inavyomtaka. Nikamwomba asubiri kidogo. Akanitazama, akatazama suti yangu, akatazama kioo. Akasubiri.